Shajara ya Mradi: Kusoma Upya Jenomu za Kifaduro za California 2010 na Vermont 2012

11 Januari 2025: Shabaha

Mradi huu unasoma upya, kwa kompyuta ya mezani na data zilizo wazi kwa umma, jenomu (yaani maandishi yote ya DNA) za bakteria wa kifaduro, Bordetella pertussis, waliokusanywa katika milipuko miwili ya Marekani: ule wa jimbo la California wa mwaka 2010 na ule wa jimbo la Vermont wa mwaka 2012. California peke yake ilipata wagonjwa zaidi ya 9,000 na watoto wachanga 10 walifariki. Miaka miwili baadaye Marekani nzima iliandikisha wagonjwa 48,277, idadi ambayo haikuwa imeonekana huko tangu mwaka 1955. Watafiti wa CDC, taasisi ya taifa ya kudhibiti magonjwa ya nchi hiyo, walichapisha mwaka 2016 uchambuzi wa jenomu 31 zilizokamilika kutoka milipuko hiyo miwili, na kazi yao ndiyo dira ninayojipima nayo.

Ninataka kujua ni kitu gani hasa kinachobadilika ndani ya jenomu ya bakteria huyu wakati wa mlipuko, na kama njia ya kawaida ya uchambuzi, ile inayofundishwa katika warsha nyingi, ina uwezo wa kukiona. Shajara ninaiweka wazi ili mwanafunzi wa Morogoro, Kisumu au Bujumbura mwenye kompyuta ya kumbukumbu ya gigabaiti 16 aweze kuirudia kazi hii hatua kwa hatua bila kupotelea pale nilipokwama.

Chanjo haikukitokomeza kifaduro. Kilipungua sana, kisha katika nchi kadhaa kikarudi. Marekani iliacha chanjo ya seli nzima katika miaka ya 1990 na kuchukua chanjo isiyo na seli, ambayo ina protini chache tu za bakteria: sumu ya kifaduro, hemaglutinini ya nyuzi, pertaktini na, katika baadhi ya chanjo, fimbria. Tanzania na Kenya zinaendelea kutumia chanjo ya seli nzima ndani ya pentavalenti, ile chanjo ya magonjwa matano kwa pamoja, yenye bakteria mzima aliyeuawa pamoja na protini zake zote. Tofauti hiyo ni muhimu kwa msomaji wa ukanda wetu, kwa sababu mabadiliko yanayoelezwa hapa yalitokea mbele ya kinga iliyoelekezwa kwenye protini chache, na si haki kuyahamisha moja kwa moja hadi mahali penye kinga ya namna nyingine.

25 Januari 2025: Kupakua data

Jenomu zilizokamilika ni faili ndogo, kwa kuwa kila moja ina herufi za DNA milioni 4.1 hivi. Mzigo uko kwenye visomo, yaani vipande vifupi vya herufi 100 hadi 300 ambavyo mashine huvitoa kabla ya chochote kuunganishwa. Sampuli moja iliyosomwa kwa kina cha mara 100, yaani kila mahali pamesomwa mara 100 hivi, ina herufi zaidi ya milioni 400, na kila herufi inabeba alama yake ya ubora.

Upakuaji ulikatika mara kwa mara usiku, na faili zilizokatika zilifunguka bila kulalamika, zikionekana nzima ilhali zilikuwa pungufu. Dawa yake ni kupakua kwa programu inayoendelea pale ilipoishia, kwa mfano wget yenye chaguo la -c, kisha kulinganisha alama ya uthibitisho ya md5 ya kila faili na ile iliyotangazwa na hifadhi. Faili ambayo alama yake haikulingana ilifutwa na kupakuliwa upya.

Gharama hadi hapa ni diski ya nje ya terabaiti 2, shilingi 240,000 za Tanzania, na vifurushi vya intaneti vya shilingi 95,000. Programu zote zinazotajwa katika shajara hii ni za bure.

15 Februari 2025: Jenomu ya rejea isiyofaa

Usafishaji wa visomo kwa fastp na ukaguzi kwa FastQC ulikwenda vizuri na hauhitaji maelezo. Tatizo lilianza kwenye upangaji, pale visomo vinapolinganishwa na jenomu ya rejea, yaani ile ya kulinganishia, kwa programu ya BWA.

Rejea ya kawaida ni Tohama I, nasaba (aina moja ya bakteria huyu) iliyopatikana Japani katika miaka ya 1950, ambayo jenomu yake kamili yenye herufi 4,086,186 ilichapishwa mwaka 2003. Nasaba hiyo iko mbali na bakteria wanaozunguka leo. Kila sampuli ya California na Vermont ilitoa mamia ya tofauti, na karibu zote zilikuwa zilezile kwa sampuli zote, yaani zilieleza umbali kati ya Tohama I na bakteria wa leo, wala hazikusema lolote kuhusu milipuko. Isitoshe, Tohama I imepoteza maeneo ambayo nasaba nyingine wanayo, na visomo vya maeneo hayo vilitupwa kwa kukosa mahali pa kukaa.

Nimebadilisha rejea na kutumia B1917, nasaba ya Uholanzi ya mwaka 2000, ambayo ni ya kundi lenye promota ya ptxP3. Promota ni kipande cha mbele ya jeni kinachoamua jeni isomwe kwa nguvu kiasi gani, na ptxP3 inatofautiana na ptxP1 ya zamani kwa herufi moja mahali ambapo uzalishaji wa sumu ya kifaduro unadhibitiwa. Mwaka 2009 watafiti wa Uholanzi walionyesha kwamba bakteria wenye ptxP3 hutengeneza sumu nyingi zaidi. Kundi hilo limeenea katika mabara mengi na ndilo linalotawala Marekani. Baada ya kubadilisha rejea, orodha ya tofauti ilipungua sana, na zilizobaki zilianza kutenganisha sampuli moja na nyingine.

Tohama I sikuitupa kabisa. Namba za mahali katika jeni zinazotajwa kwenye machapisho mengi hufuata jenomu hiyo, hivyo nimeweka jedwali la kutafsiri mahali pa B1917 kwenda pa Tohama I.

8 Machi 2025: Mabadiliko ya uongo kwenye vipande vinavyojirudia

Hata kwa rejea mpya, mabadiliko mengi ya herufi moja yalikuja yakiwa yamesongamana mahali pamoja, matano au sita ndani ya herufi mia moja. Hali hiyo haiwezekani kwa bakteria huyu. Uchambuzi wa mwaka 2014 wa nasaba 343 kutoka nchi 19 ulikadiria kasi ya mabadiliko kuwa takriban 2.24 kwa kila herufi milioni kumi kwa mwaka, na ukizidisha kwa urefu wa jenomu unapata karibu badiliko moja kwa jenomu nzima kwa mwaka. Mabadiliko sita ndani ya herufi chache namna hiyo ni dalili ya kosa la upangaji.

Chanzo ni IS481. Hiki ni kipande kihamaji cha herufi 1,053 kinachoweza kujinakili na kujipachika mahali pengine ndani ya jenomu, na katika Tohama I kimejirudia zaidi ya mara 200, kiasi cha kujaza zaidi ya asilimia 5 ya jenomu. Fundi wa kusuka akionyeshwa kipande kifupi cha ukili hawezi kusema kimetoka upande gani wa mkeka, kwa kuwa msuko ni uleule kote. Ndivyo BWA inavyoshindwa na kisomo cha herufi 150 kilichotoka katikati ya IS481. Inakiweka popote, na tofauti ndogo kati ya nakala moja na nyingine zinaandikwa kana kwamba ni mabadiliko mapya.

Jaribio la kwanza la kurekebisha lilikuwa kudai ubora wa juu wa upangaji kabla ya kukubali badiliko lolote. Lilipunguza uongo lakini halikuumaliza, kwani kingo za IS481, pale ambapo nusu ya kisomo iko ndani na nusu nje, ziliendelea kupita kwenye chujio. Jaribio lililofaulu ni kufunika: nimetafuta nakala zote za IS481 na za vipande vihamaji vingine, IS1002 na IS1663, kwenye rejea kwa programu ya BLAST, nikaongeza herufi 150 kila upande, nikafunika pia jeni za RNA ya ribosomu, ambazo nazo zinajirudia, na BCFtools, programu inayoorodhesha mabadiliko, ikaamriwa kupuuza maeneo hayo yote. Misongamano ikatoweka.

Anayerudia kazi hii aangalie kwamba kufunika kuna bei yake. Tumejifumba macho kwa makusudi juu ya sehemu ya jenomu inayobadilika kuliko zote, na bei hiyo italipwa kwenye maingizo ya mbele.

29 Machi 2025: Mti wa ukoo

Mti umejengwa kwa IQ-TREE kutokana na mabadiliko yaliyobaki. Sampuli za majimbo mawili hazikutoka kwa mzazi mmoja wa karibu. Kuna mabadiliko yanayopatikana California tu na mengine Vermont tu, kama CDC walivyoripoti, na ndani ya kila jimbo kuna matawi kadhaa yaliyokuwa yakizunguka kwa wakati mmoja. Uchambuzi wa mlipuko wa Uingereza wa mwaka 2012 ulionyesha jambo lilelile, kwamba hapakuwa na nasaba moja mpya iliyozuka na kuangusha nchi.

Naliona hili kuwa la maana kuliko linavyopewa nafasi. Habari za milipuko hupenda kumtafuta kijidudu kipya mwenye hatia, ilhali mti unaonyesha kwamba nasaba nyingi zilipata nafasi kwa pamoja, na jambo hilo linaelekeza macho kwa watu walioambukizwa na umri wa kinga yao. Huko California watoto wa miaka 7 hadi 10, ambao wengi wao walikuwa wamechanjwa chanjo isiyo na seli tangu utotoni, waliugua kwa wingi usiotarajiwa, na tafiti zilizofuata zilithibitisha kwamba kinga ya chanjo hiyo hufifia miaka inavyopita baada ya dozi ya mwisho.

Mti huu haufai kwa kueleza nani alimwambukiza nani. Kwa kasi ya badiliko moja kwa mwaka, sampuli mbili za shule moja na sampuli mbili za wilaya tofauti zinaweza kufanana herufi kwa herufi.

19 Aprili 2025: Jeni iliyovunjika inayoonekana nzima

Ingizo hili ni refu kwa sababu ndipo utaratibu wa kawaida unapodanganya waziwazi.

Programu iliripoti kwamba jeni ya pertaktini, prn, ni nzima katika sampuli zote na kwamba ni ya aleli, yaani toleo la jeni, ya prn2. Taarifa hiyo haikuweza kuwa kweli. Utafiti wa CDC wa majimbo manane ulikuta kwamba kati ya sampuli 753 zilizokusanywa kuanzia 2011 hadi 2013, asilimia 85 hazikutengeneza pertaktini kabisa. Japani, Ufaransa na Australia zilikwisha kuripoti bakteria wa namna hiyo. Australia waliongezeka kutoka asilimia 5 ya sampuli mwaka 2008 hadi asilimia 78 mwaka 2012. Kama matokeo yangu yanasema jeni ni nzima kila mahali, kasoro iko kwenye chombo.

Njia iliyotangulia inahesabu herufi zilizobadilika. IS481 inapojipachika katikati ya prn haibadilishi herufi yoyote ya jeni hiyo. Inaitenganisha tu nusu mbili. Visomo vya nusu ya kushoto vinakaa vizuri, vya kulia navyo vinakaa vizuri, na vile vinavyovuka mpaka BWA inavikata mkia na kuviweka hivyohivyo. Kina cha usomaji kinabaki kizuri mwanzo hadi mwisho, na ripoti inatoka safi.

Nilijaribu kwanza kuunganisha upya kila sampuli bila rejea, kwa SPAdes. Umeme ulikatika katikati ya kazi zaidi ya mara moja, na hapo chaguo la --continue liliokoa saa nyingi. Matokeo yalikuwa mamia ya vipande kwa kila sampuli, kwa sababu SPAdes nayo inakwama kwenye kila nakala ya IS481. Katika baadhi ya sampuli prn ilitokea imegawanyika katika vipande viwili tofauti, na hiyo ni dalili nzuri, lakini haitoshi: jeni inaweza kukatika vilevile kwa sababu ya usomaji hafifu.

Njia iliyofanya kazi ni kuitafuta mikia iliyokatwa. Kwa SAMtools nimetoa visomo vyote vilivyokatwa mkia ndani ya prn na herufi 500 mbele yake, nikaikusanya mikia, nikailinganisha na ncha mbili za IS481. Pale penye kipande kihamaji, mikia ya upande mmoja inalingana na ncha ya kushoto na ya upande wa pili na ncha ya kulia, na mipaka miwili inapishana kwa herufi sita, kwa sababu IS481 inapojipachika huzirudufu herufi sita za mahali inapoingia, mara nyingi zenye CTAG katikati. Alama hiyo ya herufi sita ndiyo inayotenganisha tukio la kweli na takataka za upangaji. Mahali panapojulikana zaidi katika machapisho ni 1613 ya prn, nami nimepatumia kupima kama njia inafanya kazi kabla ya kutafuta kwingine.

Kujipachika kwa IS481 si namna pekee ya kuivunja jeni hii. Zipo nasaba ambazo herufi moja imegeuka na kuweka alama ya kusimama mapema, kama C1273T au C223T, na hizo njia ya kawaida inaziona. Zipo zilizopoteza sehemu ya mwanzo ya jeni. Zipo ambazo kipande cha herufi zipatazo 22,000 kimegeuzwa kichwa chini na kuitenga prn na promota yake; hapo visomo vifupi vinaonyesha mkia wa IS481 mbele ya jeni lakini haviwezi kusema kama ni kujipachika au kugeuka, na ni jenomu iliyokamilika tu inayoamua. Ndiyo sababu nimeanza kutafuta mbele ya jeni badala ya kuanzia herufi yake ya kwanza.

Kuhusu aleli, prn ina eneo ambalo kipande kifupi kinajirudia, na idadi ya marudio ndiyo inayotofautisha prn1, prn2 na nyinginezo. Upangaji wa kawaida huyakosea marudio hayo. Nimepanga visomo kwa kila aleli inayojulikana peke yake na kuchagua ile iliyofunikwa mwanzo hadi mwisho bila mkia kukatwa.

Jeni moja ikivunjwa kwa njia nyingi zisizohusiana, katika matawi yasiyo ya ukoo mmoja na katika nchi zilizo mbalimbali, ni vigumu kuamini kwamba ni bahati. Utafiti uleule wa majimbo manane ulikuta kwamba waliochanjwa walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na bakteria asiye na pertaktini kuliko wasiochanjwa, na uchambuzi wa Uingereza ulionyesha kwamba jeni za protini zilizomo katika chanjo isiyo na seli zinabadilika haraka kuliko jeni nyingine za uso wa bakteria. Shinikizo lipo. Hata hivyo hilo halisemi kwamba chanjo imeshindwa, kwani kingamwili dhidi ya sumu na protini nyingine zinaendelea kufanya kazi, na mtoto aliyechanjwa analindwa dhidi ya ugonjwa mkali. Ninaomba anayenukuu sehemu ya kwanza ya aya hii ainukuu na ya pili.

17 Mei 2025: Mpangilio wa jenomu

Kwa jenomu zilizokamilika, CDC walipata mipangilio 16 tofauti ya jenomu katika sampuli za milipuko hiyo miwili, na hakuna hata mmoja uliofanana na mpangilio wa nasaba mbili za chanjo walizozisoma upya. Sehemu kubwa za jenomu zimegeuzwa, huku IS481 na jeni za RNA ya ribosomu zikiwa kwenye viungo.

Jaribio la kuona hayo kwa Mauve, programu ya kulinganisha jenomu nzima, lilitoa picha iliyojaa migeuko mikubwa kuliko inavyowezekana. Jenomu ya bakteria ni duara, na faili mbili zinaweza kuanza mahali tofauti au kuandikwa kwa uzi wa upande wa pili. Nimezungusha jenomu zote kwa Circlator zianze kwenye jeni ileile ambayo Tohama I inaanzia, kwa mwelekeo uleule. Migeuko iliyobaki ilikuwa na IS481 au RNA ya ribosomu kwenye mipaka yake, kama inavyotakiwa, na mingi ilizunguka kiini ambapo unakiliaji wa DNA huanzia.

Zipo sampuli zilizokaa karibu kabisa kwenye mti wa herufi ambazo mpangilio wake haufanani. Kwa bakteria anayebadili herufi moja kwa mwaka, habari ya mpangilio inaongeza kitu ambacho mti hauna.

7 Juni 2025: Usugu wa dawa na bei ya kufunika

Azithromycin na dawa za jamii yake ndizo tegemeo la tiba ya kifaduro. Usugu unatokana na herufi moja, A2047G, katika jeni ya RNA ya ribosomu ya 23S; uliripotiwa mara ya kwanza kwa sampuli ya mwaka 1994 kutoka Yuma, Arizona, na nchini China umeenea sana. Njia yangu isingeweza kuuona kamwe, kwa kuwa mwezi Machi jeni hizo zilifunikwa.

Kufunua tu hakukutosha. Bakteria huyu ana nakala tatu za jeni hiyo, visomo vinagawanywa kiholela kati yake, na vinapewa ubora wa sifuri ambao BCFtools inautupa. Nimetengeneza rejea ndogo yenye nakala moja tu ya 23S, nikapanga visomo vyote kwake, nikahesabu herufi zilizo mahali pa 2047. Nakala moja kati ya tatu ikibadilika, karibu theluthi ya visomo itaonyesha G, kwa hiyo kiwango cha kutilia shaka nimekiweka chini ya hapo.

Rejea hiyo ndogo, orodha ya maeneo yaliyofunikwa na programu fupi ya kukusanya mikia ya prn vimewekwa katika folda moja pamoja na shajara hii. Kazi iliyoanza wiki hii ni kupitisha visomo virefu kwenye utaratibu uleule. Kisomo kinachozidi herufi 1,053 kinavuka IS481 kizima, hivyo hatua ya mikia inaweza isihitajike tena, ingawa visomo vifupi vitabaki kuwa lazima kwa kusahihisha makosa kwenye mifululizo ya herufi inayojirudia, hasa katika jenomu yenye G na C kwa asilimia 67.7. Ingizo la hatua hiyo litaongezwa itakapokamilika.